Marekani kwa Njia ya Kitale

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni kilomita 11,830 hivi ukifuata mkato mfupi kuliko yote. Hesabu hiyo unaweza kuifanyia barazani, na jibu halitabadilika hata serikali tatu zikipinduliwa njiani. Saa za safari ndizo zenye maneno. Tiketi yangu ya mwishoni mwa Oktoba iliandikwa karibu saa kumi na tano kwenda na saa kumi na nne kurudi, viwanja vilevile, ndege ya aina ileile. Jirani yangu wa Mombasa, fundi seremala asiyeamini kipimo ambacho hakukichukua mwenyewe, aliitazama tiketi hiyo kwenye simu yangu kwa muda, kisha akauliza, "Kurudi ni mteremko?"

Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani, ila mteremko wenyewe ni wa upepo. Hakuridhika. Akaniomba nimwonyeshe kwanza hizo kilomita zimetoka wapi.

Waliosoma sekondari Kenya wanaikumbuka mada ya latitudo na longitudo ya Kidato cha Nne, hasa yale maneno yaliyofungia kila swali: chukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,370 na pai kuwa 22/7. Mtahini alikuwa na huruma. Miji yake miwili kwa kawaida ilikaa kwenye longitudo moja au latitudo moja, ukakata kipande cha duara, ukazidisha, ukapata alama zako. Nairobi na New York hazikukaa kwa kumfurahisha mtahiniwa. Nairobi iko nyuzi 1.32 kusini ya ikweta na nyuzi 36.93 mashariki; New York iko nyuzi 40.64 kaskazini na nyuzi 73.78 magharibi. Tofauti ya longitudo peke yake ni nyuzi 110.71, karibu theluthi moja ya mzunguko wote wa dunia.

Kanuni ya kuziunganisha si ndefu. Unazidisha sini za latitudo mbili, kando yake unazidisha kosini za latitudo hizohizo na kosini ya tofauti ya longitudo, unajumlisha. Jibu ni kosini ya pembe inayokaa katikati ya dunia kati ya miji hiyo miwili. La kuangalia ni alama tu: Nairobi iko kusini, kwa hiyo sini yake ni hasi, na tofauti ya longitudo imepita nyuzi 90, kwa hiyo kosini yake nayo ni hasi. Pembe inatoka nyuzi 106.45. Kila uzi mmoja una maili 60 za baharini, ndiyo maana mabaharia na marubani hawataki kuachana na maili hizo. Zidisha, unapata maili 6,387. Kila maili ni mita 1,852. Zidisha tena, unafika kwenye kilomita 11,830 kasoro kidogo. Dunia si tufe kamili, imebonyea kwenye ncha na kutuna kwenye ikweta, lakini dosari hiyo inaongeza au kupunguza kilomita chache tu, pungufu ya zile ambazo ndege inaweza kuzimaliza ikizunguka juu ya New York kungoja zamu ya kutua.

Seremala aliifuata hesabu kwa heshima hadi mwisho, kisha akaenda ndani kwake akarudi na tufe la plastiki la mwanawe na uzi wa kupigia mstari. Akashika ncha moja Nairobi kwa kidole gumba, akauvuta uzi ukakaza hadi New York. Hapo ndipo mambo yakaanza kunoga. Uzi haukuelekea magharibi. Ulipanda kaskazini magharibi, ukapita karibu na Mlima Elgon, ukaingia kaskazini mwa Uganda kwenye upande wa Lira na Gulu, ukavuka Sudan Kusini, ukakata kona ya Sudan jirani na pembe ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukakata Chad na kaskazini mwa Niger, ukaingia Algeria, ukapita jirani na Marrakech na kutokea baharini pwani ya Morocco upande wa Safi. Kutoka hapo ulipita juu ya visiwa vya Azores, ukazidi kupanda hadi zaidi kidogo ya nyuzi 42 kaskazini upande wa magharibi wa Atlantiki, halafu ukaanza kushuka. Yaani ndege inaondoka Nairobi ikitazama kaskazini magharibi na kuingia New York ikitazama magharibi, pua imeinama kidogo kusini, bila kupinda hata mara moja. Dunia ndiyo iliyopinda chini yake.

Ukipiga rula kwenye ramani ya ukutani, ile iliyorithiwa kutoka kwa Gerardus Mercator, aliyeichora mwaka 1569 ili nahodha aweze kushika mwelekeo mmoja wa dira safari nzima, mstari wako unapita kwingine kabisa: kaskazini mashariki mwa Kongo, Cameroon, Nigeria karibu na Jos, Burkina Faso, na kutokea pwani ya Mauritania. Ni mstari ulionyooka na ni mrefu zaidi kwa kilomita 350 hivi. Kwa ndege hiyo ni karibu nusu saa ya mafuta.

Mombasa hadi Nairobi nilikwenda kwa treni, saa tano hivi, tembo wawili wa Tsavo na kikombe kimoja cha chai. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba kilomita zote hizo mia nne na zaidi ndege yangu ingezimaliza kabla ya wahudumu kupita na maji.

Nairobi ina jambo lake ambalo abiria halioni. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, mabawa yanapata kitu kidogo cha kukalia na injini zinapata kitu kidogo cha kuvuta, na jua la mchana likishaichemsha lami hewa inazidi kuwa nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya kufika New York haitaki hewa ya namna hiyo. Inataka baridi na njia ndefu ya kurukia. Njia iko, zaidi ya kilomita nne. Baridi inapatikana usiku. Kuondoka karibu na saa sita ya usiku ni fizikia, na hapohapo ni biashara, maana kunamfikisha mtu Marekani asubuhi, ofisi zikifunguliwa. New York haina shida hiyo. Uwanja wake uko mita chache tu juu ya bahari, kwa hiyo wakati wa kurudi ndege inaweza kubeba shehena nzito zaidi na kuruka mchana kweupe.

Safari ya moja kwa moja yenyewe bado ni changa. Mamlaka ya anga ya Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama Februari 2017, na Kenya Airways ikarusha ndege yake ya kwanza kwenda New York tarehe 28 Oktoba 2018: Boeing 787-8 yenye viti 234, marubani wanne wa kupokezana, wahudumu kumi na wawili na tani 85 hivi za mafuta kwa kila upande. Kabla ya hapo ilibidi ubadilishe ndege mahali. Ukipitia Amsterdam, kilomita zinafika 12,500, nyongeza ya mia saba tu, kwa sababu Amsterdam iko upande uleule wa kaskazini magharibi unakoelekea uzi wa seremala. Ukipitia Dubai zinafika zaidi ya 14,500, kwa kuwa unaanza kwa kwenda mashariki ilhali uendako ni magharibi. Lakini si kilomita zilizokuwa zikituchosha. Ni zile saa za kulala kwenye viti vya chuma ukikumbatia mkoba, na hizo hazimo katika kanuni yoyote ya sini na kosini.

Kiti cha dirishani kilikuwa cha mama mmoja wa makamo aliyejifunga leso juu ya sweta. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa Pwani," akasema, wala hakuwa akiuliza.

Alikuwa akienda kwa bintiye Delaware, kumlea mjukuu. Ametoka Kitale jana yake kwa basi, siku nzima barabarani, miguu imevimba. Tuliporuka alikuwa akishika rozari. Tulipotulia hewani aliigeukia skrini iliyo mgongoni mwa kiti cha mbele, akaiangalia ile ndege ndogo nyeupe ikitambaa juu ya ramani, akainama akaitazama vizuri zaidi.

"Kijana wangu, hapa wameandika Eldoret."

"Ndiyo, mama."

"Na hapa mbele ni mlima wetu."

"Ndio Elgon huo."

Akaegemea nyuma. "Siku nzima nimekaa kwenye basi ili hiki kitu kinirudishe nyumbani?"

Nusu saa tu ilikuwa imepita tangu magurudumu yaache ardhi. Aliweka paji la uso kwenye kioo akatazama chini kwa muda, lakini kulikuwa na mawingu. Akaniuliza kwa nini wasijenge kiwanja kikubwa Kitale, watu wakapanda ndege mlangoni. Nikamwambia kwamba wangepata taabu ileile ya Nairobi na zaidi, kwani Kitale iko juu kuliko Nairobi, karibu mita 1,900. Kisha nikamwambia jambo lililomfurahisha kuliko yote niliyomwambia usiku ule. Ndege nyingi za zamani zinaacha hewa ya ndani iwe kama ya mlima wa futi 8,000. Hii 787, kwa kuwa mwili wake umetengenezwa zaidi kwa nyuzi za kaboni zinazostahimili msukumo, haizidishi futi 6,000. Kitale ni zaidi ya futi 6,200. Kwa hiyo hapo tulipo, futi elfu thelathini na sita angani, kwa mapafu yake yeye alikuwa ameshuka bonde.

"Basi ndiyo maana ninapumua vizuri," akasema, akavua viatu.

Aliuliza swali ambalo kila mtu huuliza, tumebakisha saa ngapi, na hapo ikanibidi nimweleze kile nilichokwisha kumweleza seremala. Ndege hii ikishafika juu inakwenda kilomita 900 kwa saa, juu chini. Gawanya 11,830 kwa 900: saa kumi na tatu na dakika tisa hivi. Tiketi inasema karibu saa kumi na tano. Tofauti hiyo imegawanywa kwa watu wengi. Tiketi inahesabu tangu magurudumu yaanze kusogea hadi yasimame kabisa, kwa hiyo kule kutambaa uwanjani kumo. Kupanda na kushuka hakufanyiki kwa kilomita 900. Shirika nalo hujiwekea akiba ya dakika, kwani abiria anayefika mapema hulisifu na anayechelewa hulilaani. Kinachobaki ni njia kupinda na upepo.

Kupinda kwanza. Uzi wa seremala haujui mipaka, lakini rubani anaijua. Tangu vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, anga ya Sudan imekuwa ya kukwepwa. Mwaka huohuo wanajeshi walipochukua nchi ya Niger mwishoni mwa Julai, walifunga anga yao tarehe 6 Agosti na kuifungua tena mwanzoni mwa Septemba. Kwa wiki hizo zote ndege zilizokuwa zikivuka Sahara zililazimika kuzunguka, nyingine kwa saa nzima na zaidi. Libya inaepukwa siku nyingi. Ukitazama ramani ya Afrika ya kaskazini kwa macho ya mtu anayepanga safari za ndege, unaona vichochoro, na vichochoro hivyo vinahama kila mwaka. Kwa hiyo kilomita 11,830 ndizo za chini kabisa. Hakuna siku ambayo ndege inakwenda hizo hasa. Inakwenda hizo na kitu.

Upepo ndio mkubwa. Kati ya nchi za joto na nchi za baridi, kimo cha kilomita tisa hadi kumi na mbili, mna mto wa hewa unaotoka magharibi kwenda mashariki kuizunguka dunia nzima. Unazaliwa na tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha, na mzunguko wa dunia unaupinda uelekee mashariki. Mara nyingi unapita kilomita 150 kwa saa; wakati wa baridi unaweza kuvuka 300. Hauko mahali pamoja, unapinda na kuhama, na kila siku wapangaji wa safari wanaangalia umelala wapi ili waamue ndege iupite juu, chini au pembeni. Aliyewahi kuingia na kutoka kwenye mkondo wa Likoni kwa mashua wakati maji yanatoka anajua hesabu yake: urefu wa mkondo haujabadilika, lakini kwenda na kurudi havifanani. Kuanzia Algeria niliiangalia ile namba ya kasi kwenye skrini ikishuka kidogo kidogo hadi mia nane na kitu, ilhali injini zilikuwa zikivuma vilevile. Wakati wa kurudi, juu ya Atlantiki hiyohiyo, skrini ya namna hiyohiyo ilipita kilomita 1,000 kwa saa, na nilimkumbuka seremala na mteremko wake.

Karibu na Azores mama wa Kitale alikuwa amelala. Vizuri, kwa sababu nilikuwa nikitazama kisiwa cha Terceira kikisogea kwenye ramani, na nisingependa aniulize kina nini. Hapo ndipo uwanja wa Lajes ulipo. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege ya Air Transat iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon, Airbus yenye watu 306, ilivuja mafuta juu ya bahari hadi injini zote mbili zikazimika, na marubani wakaiongoza ikielea bila injini mpaka Lajes. Wote walitoka hai. Ndege ya injini mbili inapovuka bahari, njia yake inachorwa pia kwa kutazama ni dakika ngapi za kufika kiwanja cha karibu ikiwa imebaki na injini moja. Uzi wa Nairobi na New York una bahati ya kupita juu ya Terceira. Seremala hakulijua hilo alipokuwa akiukaza.

Halafu kukawa na suala la Alfajiri.

Jua lilikuwa limetuzamia Nairobi kabla ya saa kumi na mbili na nusu ya jioni. Tulikuwa tukikimbia kuelekea magharibi, yaani tukiikimbia asubuhi. Katika latitudo ya nyuzi 40 ardhi inazunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,280 hivi kwa saa. Sisi tulikuwa tukienda upande wa pili kwa 850. Kwa hiyo jua lilikuwa likitufukuza kwa kilomita 430 tu kwa saa, theluthi moja ya mwendo wake wa kawaida. Usiku mrefu ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba mapambazuko nayo yanarefuka. Mombasa, tangu weupe wa kwanza hadi jua kutoka ni saa moja na dakika chache. Kule juu ilikuwa zaidi ya saa tatu.

Sikuliona mapema, kwa sababu madirisha ya 787 hayana vifuniko vya kushusha. Yana kitufe, na wahudumu wanaweza kuyatia giza yote kwa pamoja. Saa yangu, ambayo sikuibadilisha, ilikuwa inakaribia saa tano ya mchana wa Mombasa. Nikamwomba mhudumu radhi, nikamweleza. Alikuwa msichana wa Kisomali wa Kenya. Hakuhitaji maelezo marefu. Akaenda nyuma akarudi, akabonyeza kitufe chini ya kioo cha mlango wa huduma. Kioo hakikufunguka kama pazia. Buluu nzito ilianza kupauka kutoka kingoni, polepole, hadi ikabaki kama maji yenye tone la wino. Nyuma yetu, upande wa mkia, palikuwa na utepe mwembamba wa rangi ya chungwa iliyoiva, na juu yake nyota bado zimo.

Niliswali hapo pembeni penye mashine ya chai. Mombasa adhana ya Adhuhuri inaitwa mwezi huo saa sita na dakika chache, na nilipokuja kukaa kitini ilikuwa haijafika saa hiyo. Hata ilipofika na kupita, jua kwetu lilikuwa bado halijatoka. Lilichomoza karibu saa saba ya mchana ya kwetu, baada ya karibu saa kumi na tisa bila jua, na likachomoza kivivu, likakaa pale pale kwenye mkia kama lisilokuwa na haraka ya kutupita.

Tulitua New York saa mbili kasorobo ya asubuhi yao. Nairobi ilikuwa saa tisa kasorobo ya alasiri. Mama wa Kitale alihesabu kwa vidole. "Tumeondoka saa sita ya usiku tumefika saa mbili asubuhi. Mimi nimelala usiku mmoja tu. Hizo saa kumi na tano zenu ziko wapi?" Nikamwambia saba zimerudishwa, atazitoa siku ya kurudi. Alifikiri, akasema ni kama mkopo wa chama. Tukaagana kwenye foleni ya pasipoti, yeye akaelekezwa upande wa viti vya magurudumu kwa ajili ya miguu yake.

Hizo saba zina hesabu yake pia. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, nyuzi 15 kila saa. Gawanya tofauti yetu ya longitudo, 110.71, kwa 15: saa saba na dakika 23. Hiyo ndiyo tofauti ya jua lenyewe. Saa ya ukutani haina subira na dakika 23, kwa hiyo serikali zinazungusha. Wamarekani wanazungusha mara mbili, katikati ya mwaka tofauti ni saa saba, wakati wa baridi ni nane.

Dada yangu anaishi New Jersey, ng'ambo ya mto. Jumuiya yao ina msikiti mdogo katika jengo lililokuwa duka, na mtu wa Mombasa akiingia humo anapatwa na kizunguzungu. Kwetu kibla ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, kwa kuwa Makka na Mombasa zinakaribia kuwa kwenye longitudo moja. Kwao ramani ya ukutani inasema Makka iko mashariki na kusini kidogo. Safu za msikiti zimetazama kaskazini mashariki. Ni uzi wa seremala tena: mkato kutoka New York hadi Makka unaanza kwa kupanda, kama nyuzi 58 kutoka kaskazini kamili. Kanuni inayompa rubani mwelekeo wa kuondokea ndiyo hiyo inayompa mtu mahali pa kutandika mswala, na Waislamu waliishughulikia karne nyingi kabla ya ndege. Al-Biruni aliandika kitabu kizima katika karne ya 11 akitafuta kibla cha mji wa Ghazna. Shemeji ananiambia bado kila mwaka hutokea mgeni mmoja wa kubishana, na mzee wa Kikomoro anayeangalia milango ana tufe lake la shule kabatini kwa ajili hiyo.

Mama yetu, Mombasa, hana haja na nyuzi wala kosini. Ana njia yake ya kujua saa ya New Jersey, na ni nyepesi kuliko yoyote niliyoiona kwenye simu. Anachukua saa ya Kiswahili, anatoa moja, anapata tarakimu iliyo kwenye saa ya dada. Kwake ikiwa saa mbili ya usiku, kwa dada ni moja ya mchana wao. Ikiwa saa kumi na mbili ya asubuhi, kwa dada ni kumi na moja ya usiku. Nimeijaribu kwa kila saa na haikosei, kwa kuwa saa yetu imeshapishana na ya Kizungu kwa sita, na sita ukiongeza moja ndizo saba zenyewe. Anapiga simu kila siku ya shule saa nane ya mchana, toa moja, saba, wakati dada anamtayarisha mtoto kwenda shule.

Jumapili ya kwanza ya Novemba bado nilikuwa kule. Kesho yake simu ililia nyumba nzima ikiwa gizani. Dada akapapasa meza, akaipokea na macho yamefumba.

"Mama, ni saa kumi na mbili huku."

Nilimsikia mama kwenye spika akihesabu upya. "Nane toa moja ni saba."

"Kuanzia jana unatoa mbili, mama. Mpaka mwezi wa tatu."

Kukawa kimya kidogo upande wa Mombasa.

"Kwani mmehama?"